Lami imefika Matema, ratiba bado

Kwa miaka mingi, ukimuuliza mkazi wa Matema kwa nini kwenda Kyela mjini na kurudi kunammalizia siku nzima, jibu lilikuwa moja: barabara. Lilikuwa jibu la haki. Udongo wa bonde la Kyela ni mzito, na mvua zake ni kati ya zile kubwa kabisa nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka milima ya Ileje, Rungwe na Busokelo, kisha hupunguza mwendo na kutapakaa kwenye tambarare moja kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Masika yakikolea, gari lilikwama, abiria wakashuka kusukuma, na hakuna aliyethubutu kuahidi saa ya kufika. Mwishoni mwa muongo uliopita barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema, kilomita 39 hivi, ikapata lami. Sababu kubwa ya zamani ikaondoka. Ilipoondoka, ikafichua sababu nyingine iliyokuwa imejificha nyuma yake: gari ambalo halihitaji hata saa moja na nusu kumaliza njia hiyo linaweza kumweka abiria stendi kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe, likisubiri kujaa.

Hoja ya makala haya ni kwamba Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa vimeshapata karibu kila kitu ambacho usafiri unadai, isipokuwa kile kilicho rahisi kuliko vyote kwa gharama, nacho ni muda unaojulikana. Barabara ipo. Meli zipo. Mpaka wa Kasumulu, wa kuingia Malawi, uko wazi na una shughuli nyingi. Magari yapo, kuanzia Coaster za Mbeya hadi Hiace, Noah, bajaji na bodaboda. Tatizo ni kwamba kila kimoja kinakwenda kwa saa yake na hakuna kinachomngoja mwenzake. Abiria anayetakiwa kuunganisha vyombo viwili au vitatu ndiye anayebeba peke yake hatari ya kuachwa. Hilo si tatizo la kusubiri matrilioni. Linaweza kuanza kurekebishwa ndani ya mwaka mmoja, kwa safari chache za uhakika katika kila tawi la barabara, zenye saa iliyotangazwa, zilizofungwa kwenye leseni ya njia, na zilizopangwa kukutana na meli, gulio, mpaka na magari ya Mbeya.

Gharama isiyoandikwa kwenye nauli

Tazama Hiace yenye viti 14 ikipakia Kyela kwa safari ya Ipinda na Matema. Injini imezimwa, kwa sababu mafuta ni fedha. Dereva yuko kivulini. Mpiga debe anaita vituo kwa sauti na kumhakikishia kila anayekaribia kwamba gari linaondoka sasa hivi, limebakiza wawili tu. Konda anapanga ndoo, madumu na viroba chini ya viti, kisha anapanga upya kwa sababu kimeongezeka kiroba kingine. Aliyefika wa kwanza amekaa dirishani, ameshalipa au ameshaweka mzigo, na kwa hiyo hawezi tena kuondoka kutafuta usafiri mwingine. Tuseme abiria mmoja anafika kila baada ya dakika tano. Yule wa kwanza atasubiri dakika 65 mpaka wa kumi na nne aketi. Ukijumlisha muda wa wote waliomo, unapata dakika 455, yaani zaidi ya saa saba na nusu za watu wazima wenye kazi, zilizotumika kabla gurudumu halijazunguka. Sasa fikiria mchana mtulivu, siku isiyo ya gulio, abiria mmoja akifika kila dakika kumi. Wa kwanza atasubiri dakika 130, na jumla ya muda wa wote inapita saa 15.

Hesabu hiyo ndogo inaeleza mengi. Utaratibu wa kuondoka gari likijaa hauwaumizi abiria wote sawasawa. Penye watu wengi hauonekani hata kidogo. Penye watu wachache ndipo unapouma zaidi. Tena unaumiza pande mbili. Anayepandia stendi anapoteza muda, na anayesubiri njiani, kwenye kijiji kati ya Kyela na Ipinda, anaona gari likipita likiwa limeshajaa, au linasimama na kumtaka asimame amejikunja hadi mwisho wa safari. Gharama zote hizi hazimo kwenye nauli. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hupanga viwango vya kikomo vya nauli baada ya kuwasikiliza wadau. Desemba 2023, kwa mfano, ilipandisha kikomo cha daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 hadi shilingi 600, na mjadala wake ulikuwa mkali nchi nzima, kama ulivyostahili. Lakini shilingi mia moja ikiongezwa kila mtu anaiona, ilhali saa mbili zikiongezwa hakuna anayeitisha mkutano. Tuna kikomo cha nauli. Hatuna kikomo cha kusubiri.

Njia kuu yanawiri, matawi yanakauka

Ni lazima kusema ukweli kuhusu njia inayofanya kazi vizuri. Kati ya Mbeya na Kyela, kupitia Uyole, Kiwira, Tukuyu na Ibanda, barabara inateremka kutoka mwinuko wa mita 1,700 hivi hadi usawa wa ziwa, chini ya mita 500, ikipita kwenye viazi, chai, migomba, na mwisho mpunga na kakao. Huko abiria ni wengi karibu saa zote za mchana. Coaster hujaa na kuondoka, nyingine inasogea mahali pake, na mtu akifika stendi ya Nane Nane jijini Mbeya hana haja ya kuuliza ratiba. Hapo utaratibu wa kujaza ndio ratiba yenyewe, na hakuna sababu ya kuuvuruga.

Mafanikio hayo, hata hivyo, yana upande wa pili. Mwenye gari ana akili timamu; humpeleka dereva wake mahali viti vinapojaa haraka. Dereva naye ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, na chochote kinachozidi ndicho chakula chake na cha konda. Kwa hiyo magari hukimbilia njia kuu, na matawi, yaani Ipinda na Matema upande wa mashariki, Kajunjumele na bandari za Itungi na Kiwira upande wa ziwa, na vijiji vya bonde la Songwe upande wa magharibi, hubaki na magari machache, hasa kuanzia adhuhuri. Magari yakipungua, kusubiri kunarefuka. Kusubiri kukirefuka, mwenye uwezo anapanda bodaboda na asiye na uwezo anaahirisha safari. Wote wawili wakiondoka kwenye foleni, gari linachelewa zaidi kujaa, na dereva mwingine anaona tawi lile halilipi. Hakuna mtu mbaya katika mlolongo huo. Kila mmoja anafanya linalomfaa. Ndiyo maana hauwezi kujirekebisha wenyewe, na ndiyo maana unahitaji kanuni.

Meli, chungu na saa mbili za mpakani

Mwambao wa kaskazini unaonyesha kuliko mahali pengine popote nchini kwa nini kuunganisha safari ni suala la uhai wa uchumi. Mashariki ya Matema, Milima ya Livingstone inaingia ziwani kwa mteremko mkali kiasi kwamba hakuna barabara ya kuufuata ufuo kwenda wilaya za Ludewa na Nyasa. Anayetaka kutoka Kyela kwenda Mbamba Bay kwa gari anapaswa kupanda Mbeya, kwenda Makambako, kushuka Njombe na Songea, kisha Mbinga, safari ya zaidi ya kilomita 700 kwa ajili ya kufika sehemu nyingine ya ufuo uleule wa ziwa lilelile. Kwa sababu hiyo Serikali iliweka fedha kwenye maji. Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ikibeba tani 1,000, na MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021 ikiwa na uwezo wa abiria 200 na tani 200 za mizigo, zote ziliundwa na Songoro Marine ya Mwanza. Lupingu na Manda upande wa Ludewa, Liuli na Mbamba Bay upande wa Nyasa, zinaitegemea meli kama vile Kyela inavyoitegemea barabara ya Tukuyu.

Lakini meli ya abiria 200 inapotia nanga, safari ya watu wale 200 haijaisha. Kyela mjini kuko kilomita kadhaa kutoka bandarini, na Mbeya ni mbali zaidi. Isitoshe, mchanga unaoletwa na mito umekuwa ukilisumbua lango la Itungi, na Bandari ya Kiwira imekuwa ikibeba sehemu ya kazi, kwa hiyo msafiri anahitaji kujua siku, saa na pia gati ipi. Meli ikichelewa kwa sababu ya upepo wa kusini unaochafua ziwa kati ya Mei na Agosti, magari yaliyokuwa yakisubiri huondoka, na familia zenye watoto na magunia zinabaki mikononi mwa yeyote mwenye chombo, kwa bei yoyote atakayotaja. Majirani zetu wa Malawi wameishi na MV Ilala tangu mwaka 1951, na kwa miongo mingi mzunguko wake wa kila wiki ndio uliopanga siku za biashara katika bandari ndogo za upande wao. Funzo lake ni kwamba chombo kimoja kwa wiki, kikijulikana siku yake, kinaweza kupanga maisha ya watu kuliko vyombo kumi visivyojulikana vinakuja lini.

Hebu tufuatilie kitu kimoja kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho wake. Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichoko chini ya Milima ya Livingstone, hufikiwa kwa mtumbwi au kwa njia ya miguu kutoka Matema. Wanawake wa huko wanafinyanga vyungu ambavyo sifa yake imefika Mbeya, Dar es Salaam na ng'ambo ya mpaka. Chungu cha Kikisi ni chepesi kwa ukubwa wake, kimesuguliwa hadi kikalainika na kupambwa kabla ya kuchomwa, na ukuta wake mwembamba hausamehe kugongwa. Kinapakiwa mtumbwini, kinavushwa hadi Lyulilo karibu na Matema, ambako gulio la Jumamosi ndilo soko lake kuu. Kikinunuliwa pale na mchuuzi, bado kina safari ya Ipinda, Kyela, Tukuyu na Mbeya. Kila kushushwa na kupandishwa ni nafasi ya kuvunjika, na kila kusubiri usiku mmoja zaidi ni gharama ya kulala. Mchuuzi anayejua kwamba hakuna gari la uhakika la jioni hununua vyungu vichache, au hutoa bei ya chini ili kufidia hasara atakayoipata njiani. Anayelipa mwisho wa yote ni mfinyanzi, ambaye huenda hajawahi kupanda hiyo Hiace. Hali ni ileile kwa usipa na mbasa wanaovuliwa Matema. Samaki mbichi hangoji viti vijae. Akikosa gari la asubuhi anakaushwa au anauzwa kwa hasara.

Upande wa magharibi kuna jambo lingine linalosahaulika. Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mfanyabiashara wa Karonga anayevuka Mto Songwe saa kumi na moja jioni kwa saa yake anakuta Kasumulu ni saa kumi na mbili, jua linakaribia kuzama, na magari ya matawi yameshalala. Anapoteza saa moja wakati uleule ambao saa moja ina thamani kubwa kuliko zote za siku. Serikali mbili zimewekeza katika kituo cha huduma kwa pamoja mpakani ili lori na abiria wasikaguliwe mara mbili. Dakika zilizookolewa na maofisa kwenye madirisha ya forodha zinapotea hatua chache mbele, pale abiria anapobaki na bodaboda peke yake gizani.

Jijini Mbeya nako minyororo imekatika. Abiria wa treni ya TAZARA anashuka upande wa Iyunga, na wa ndege anatua Uwanja wa Songwe, sehemu zote mbili zikiwa magharibi, ilhali magari ya Tukuyu na Kyela yanapakia Nane Nane, mashariki. Mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya anatakiwa awepo asubuhi. Kama anatoka vijiji vya Matema na hana hakika ya gari la alfajiri, analazimika kusafiri jana yake na kulipia malazi. Hospitali ya Kilutheri ya Matema inawahudumia watu wengi wa ufuo huo, lakini kliniki nayo ina siku zake, na mjamzito aliyemaliza vipimo saa tisa alasiri anahitaji kurudi kwake siku hiyohiyo. Watu hawa hawaombi mwendo wa kasi. Wanaomba kujua.

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza dhidi ya ratiba hutoka kwa wasafirishaji wenyewe, na ni nzito. Wanasema abiria wa matawi ni wachache, gari likiondoka nusu tupu linakula hasara, na hesabu ya tajiri haipungui kwa sababu serikali imependa saa fulani. Ni kweli. Ndiyo maana si busara kudai kila gari liende kwa saa. Kinachopendekezwa hapa ni safari nne tu kwa siku katika kila tawi: ya alfajiri, ya saa nne asubuhi, ya saa nane mchana na ya mwisho saa kumi na moja jioni. Magari mengine yote yaendelee kujaza na kuondoka kama kawaida. Kama tawi lina magari 20, safari hizo nne zikigawanywa kwa zamu zinamfikia kila mwenye gari mara moja katika siku tano. Tena gari linaloondoka stendi na watu wanane halifiki Matema na watu wanane, kwa sababu wa njiani, ambao leo huachwa au huchukua bodaboda, watajua saa ya kusimama barabarani. Hasara itakayobaki inaweza kupunguzwa kwa njia rahisi: Halmashauri isitoze ushuru wa stendi kwa gari lililo kwenye zamu ya safari ya uhakika, na gari hilo lipewe kipaumbele kwenye foleni ya siku inayofuata. Malipo ya uaminifu kwa saa yawe nafasi nzuri ya kupakia.

Hoja ya pili ni kwamba bodaboda na baiskeli zimeshaziba pengo. Kyela ni tambarare, baiskeli ni chombo cha heshima huko, na bodaboda humfikisha mtu mlangoni kwake saa yoyote. Hakuna anayepaswa kuzidharau. Bila hizo mwambao ungesimama. Lakini ziangaliwe kwa kazi inayozifaa. Bodaboda ni bora kwa kilomita nne za kutoka lami hadi kijijini. Kwa kilomita 39, usiku, mvua ikinyesha, na mama mwenye mtoto mgongoni na debe la mchele, ni chombo cha dharura ambacho umaskini wa ratiba umekigeuza kuwa cha kila siku, kwa nauli inayozidi ile ya gari mara kadhaa. Safari ya uhakika haimnyang'anyi kijana wa bodaboda kazi. Humpa abiria wanaoshuka kituoni kwa saa inayojulikana, naye huweza kuwangoja badala ya kuzunguka akichoma mafuta.

Hoja ya tatu inatoka kwenye historia. Miaka ya 1970 tulikuwa na Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA, na kampuni za uchukuzi za mikoa, zilizokuwa na njia na saa zake. Zikaanguka, na sekta binafsi ndiyo iliyotuokoa. Kwa nini turudi huko? Jibu ni kwamba kilichoziangusha hakikuwa saa za kuondoka. Ziliangushwa na uhaba wa fedha za kigeni, vipuri visivyopatikana, bei ya mafuta iliyopanda, na uendeshaji uliotegemea ruzuku. Tulipobomoa umiliki wa umma tulitupa pia kitu kisichokuwa na kosa, yaani wajibu wa kuondoka kwa muda. Wajibu huo unaweza kuishi vizuri ndani ya gari la mtu binafsi. Rwanda imeonyesha hivyo: mabasi ya kampuni binafsi yanayotoka Nyabugogo jijini Kigali kwenda mikoani huuza tiketi za saa maalumu na kuondoka kwa vipindi vinavyojulikana. Uswisi, nchi ya milima na vijiji vidogo, ilianzisha mwaka 1982 ratiba ya treni zinazojirudia kwa saa zilezile mchana kutwa, na basi la kijijini likapangiwa kuikuta treni kituoni. Hakuna anayesema Kyela iwe Uswisi. Kinachosemwa ni kwamba kanuni ya chombo kidogo kukingoja kikubwa haihitaji utajiri, inahitaji makubaliano.

Hoja ya nne ni mafuriko. Ratiba gani, watauliza, itasimama Aprili maji ya Lufilyo na Mbaka yakivuka kingo? Swali ni sahihi, lakini linaelekea upande mwingine. Msimu wa mvua ndio unaohitaji taarifa kuliko misimu yote. Kunaweza kuwa na ratiba ya kiangazi na ratiba ya masika, yenye safari chache zaidi na mahali pa kugeuzia magari palipotajwa mapema. Redio za mkoani zinatangaza vifo, mikutano na minada kila asubuhi. Zinaweza kutangaza kwamba leo gari linaishia Ipinda. Barabara za vijijini zilizo chini ya TARURA zitaendelea kuharibika na kutengenezwa, na kila zinapokatika, mtu mwenye taarifa atabaki nyumbani badala ya kulala stendi.

Hoja ya tano husemwa kwa sauti ya chini: watu wetu hawajali saa. Hii si kweli, na ushahidi wake uko palepale stendi ya Kyela. Mabasi ya Dar es Salaam huondoka kwa ratiba zilizoidhinishwa na LATRA, na abiria wake huwa wamefika kabla ya kupambazuka, mizigo ikiwa imefungwa tangu usiku. Mamlaka hiyohiyo inasimamia Mfumo wa Kufuatilia Mwenendo wa Magari na inasukuma tiketi mtandao. Na mwezi Oktoba 2012 jiji la Dar es Salaam lilianza kupata treni ya mjini, ya asubuhi na jioni, ambayo wananchi waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa pia Mbunge wa Kyela. Wakazi wa Dar es Salaam walijifunza saa zake haraka kwa sababu ilikuja. Watu huheshimu saa inayoheshimiwa na gari. Wakikosa hiyo, kufika mapema ni kujiadhibu.

Nani afanye nini

LATRA ina silaha kuu, ambayo ni leseni ya njia. Leo leseni inamruhusu mtu kubeba abiria kati ya mahali na mahali. Haimwajibishi kuwabeba saa abiria walipo wachache. Sharti liongezwe: anayepewa nafasi kwenye njia zenye faida zinazoanzia Kyela ashiriki zamu za safari za uhakika za tawi moja, yeye mwenyewe au kupitia chama chake cha wasafirishaji. Chama ndicho kipange zamu, kwa sababu kinawajua madereva wake na deiwaka wanaoshika usukani wakati wenyewe hawapo. Mamlaka ikague kama saa zimetimizwa, kama inavyokagua mabasi ya mikoani.

Halmashauri ya Wilaya ya Kyela ina stendi na ushuru wake. Iweke ubao mmoja mkubwa, ulioandikwa kwa rangi isiyofutika, wenye saa za kuondoka kila tawi, siku za meli na gati inayotumika, siku za magulio, na kwa njia ya Kasumulu saa za nchi zote mbili. Ubao kama huo uwepo Ipinda, Matema, bandarini, mpakani na Nane Nane. Wenye meli nao wawe na wajibu wa kupiga simu moja: chombo kikichelewa, kiongozi wa zamu ajulishwe, na gari la mwisho la bandarini lisiondoke kabla abiria hawajashuka. Safari ya jioni kutoka Kasumulu isogezwe mbele kwa ajili ya wanaopoteza saa wakivuka kutoka Malawi. Jumamosi, gari la uhakika la kutoka Matema liwe lenye nafasi ya mizigo, ili vyungu vya Ikombe vifike Kyela bila kushushwa Ipinda.

Anzeni na tawi moja. Njia ya Matema inafaa kuliko nyingine kwa sababu lami yake ni mpya, gulio lake lina siku inayojulikana, na hospitali na wavuvi wake wanahitaji gari la alfajiri na la jioni. Jaribio la miezi sita, likianza masika yanapokwisha, litaonyesha ni abiria wangapi walipanda safari za uhakika, ni mara ngapi saa zilitimizwa, na wasafirishaji walipata au walipoteza kiasi gani. Kama zamu zitaonekana kuwa mzigo usiobebeka, takwimu zitasema, na mjadala wa fidia utakuwa na msingi. Kama zitabebeka, Itungi, Kiwira na Kasumulu zifuate kabla ya masika mengine.

Wilaya ambayo sensa ya mwaka 2012 ilihesabu ndani yake watu zaidi ya 220,000, inayolisha nchi mchele wenye harufu na kuongoza kwa kakao, haipaswi kuendelea kuhesabu siku nzima kwa safari ya kilomita 39. Fedha nyingi zimeshalazwa kwenye lami na kuelea ziwani. Fedha hizo zitazaa kikamilifu siku ambayo mkulima wa Ipinda, mfinyanzi wa Ikombe na mgonjwa wa Matema watapanga safari yao jana yake, wakijua gari litaondoka saa ngapi na kwamba litawangoja. Kazi ya kuwapa uhakika huo ni ya LATRA, Halmashauri na wasafirishaji, na hakuna kati yao anayehitaji kusubiri bajeti ya mwaka ujao ili kukaa meza moja.